Kiyoyozi cha mkonga Murongo: Gesi inalaumiwa, vumbi ndilo linaloua

Na Mwandishi Wetu, Kyerwa

MSIMU wa kahawa mkoani Kagera una kawaida ya kwenda sambamba na kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati robusta inaanikwa uani na malori yanapishana kuelekea maghalani, barabara za changarawe za wilaya za Karagwe na Kyerwa hugeuka poda nyekundu inayopanda kila gari linapopita, ikakaa hewani kwa muda kabla ya kutua juu ya migomba.

Ni katika kipindi hicho ambapo swali linaloweza kuonekana la anasa kwa msomaji wa Dar es Salaam huwa swali la afya na la kazi: kiyoyozi cha gari kinafanya kazi, au kimebaki swichi tu?

Mwandishi wa makala haya alipata nafasi ya kulitafakari swali hilo akiwa kiti cha nyuma cha Land Cruiser ya zamani, ile ambayo Watanzania wameipachika jina la mkonga, ikitoka Omurushaka kupitia Nkwenda na Isingiro kwenda Murongo. Murongo ni mji mdogo wa mpakani, unaotazamana na Kikagati ya Uganda, Mto Kagera ukiwa katikati. Ni hapo ilipojengwa mitambo ya umeme wa maji ya megawati 14 inayonufaisha nchi zote mbili. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 100.

Kiyoyozi kilikuwepo. Taa ya swichi iliwaka, feni ilinguruma, lakini kilichotoka kwenye matundu ya dashibodi kilikuwa hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya udongo. Dereva alikuwa na uchaguzi wa aina mbili, yaani kufunga vioo abiria wachemke au kuvifungua wale vumbi. Alichagua kufungua nusu, na matokeo yake abiria walipata yote mawili.

Alipoulizwa, alieleza kwamba gari hilo lilikuwa limejazwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara lilipoa kwa wiki chache kabla ya kurudi lilikokuwa. Maelezo hayo yanasikika katika karibu kila gereji ya nchi hii. Ndani yake kuna kosa ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la gharama tu, lakini sasa linaanza kuwa la hatari.

Si joto, ni vumbi na ukungu

Karagwe si Dodoma wala Tanga. Nyanda zake ziko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku blanketi halina msimu. Bonde la Mto Kagera penye Murongo liko chini kidogo na lina joto zaidi, lakini hata huko hakuna anayelia jua kama wanavyolia wakazi wa pwani.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini gari la huku lihitaji kiyoyozi ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba huku kiyoyozi kinahitajika ili vioo vifungwe. Gari lililofungwa vioo juani mchana hupanda joto haraka hata kama nje kuna upepo mwanana, na njia pekee ya kukaa ndani yake kwa saa tatu au nne bila kuvuta vumbi ni kuwa na hewa iliyopozwa.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ni nzito kuliko ya kwanza. Kiyoyozi hukausha hewa. Wakati wa mvua, abiria sita wenye nguo mbichi wakijazana ndani ya gari, kioo cha mbele huingia ukungu ndani ya dakika chache. Dereva ambaye kiyoyozi chake kimekufa hushika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili, akiwa kwenye mteremko wa udongo unaoteleza. Anayezifahamu barabara za vilima vya Kyerwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha kuna wagonjwa. Sehemu kubwa ya magari ya wagonjwa nchini ni Land Cruiser za aina hiyo hiyo ya mkonga, na mgonjwa hulazwa nyuma, mahali ambapo vumbi huingia kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Gari lenye umbo la boksi likiwa mwendoni huacha nyuma yake eneo ambalo mgandamizo wa hewa ni mdogo, na eneo hilo hulivuta vumbi lililotimuliwa na magurudumu na kulisukumia kwenye kila ufa wa mlango wa nyuma. Mama mjamzito au mgonjwa wa pumu anayepelekwa Hospitali ya Nyakahanga kutoka huku mpakani anasafiri akiwa ameegemea ufa huo.

Magari yaliyozaliwa njia panda

Ili kuelewa kwa nini viyoyozi vya magari haya vinasumbua, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara na Karagwe, mashirika ya misaada yaliingia nao, na pamoja na mashirika hayo yakaja magari. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1996, baadhi ya magari hayo hayakuondoka mkoani. Yaliuzwa, yakagawiwa, yakabadilishiwa namba.

Juu ya hayo kuna yale ya miradi yaliyowahi kubeba namba za DFP na ya Serikali yaliyowahi kubeba STJ na STK, ambayo hufikia mnada yakiwa yamechoka na kununuliwa na wafanyabiashara wa kahawa, maharage na ndizi. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alipigia kelele sana mashangingi ya viongozi. Wachache walijiuliza shangingi likishatoka mikononi mwa kiongozi huishia wapi. Mengine huishia barabara kama hii ya Murongo.

Mwaka 1994 haukuwa mwaka wa kawaida kwa kiyoyozi cha gari. Kabla yake, magari karibu yote duniani yalipozwa kwa gesi ya R-12, ambayo wanasayansi walibaini kuwa inatoboa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliamua gesi hiyo iondoke. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kwa matumizi ya kawaida kufikia mwisho wa mwaka 1995, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi Januari 1, 2010.

Viwanda vya magari vilihamia gesi mpya ya R-134a katika miaka ya mwanzo ya 1990. Maana yake ni kwamba gari la mwaka 1991 na la mwaka 1995, yanayofanana kama mapacha kwa nje, yanaweza kuwa na mifumo miwili tofauti ndani. Gesi hizo mbili haziendani na oili moja, wala mipira ya kuzibia ya aina moja. R-134a hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kidogo pale mbele ya gari, na hupenya kwenye mipira laini ya zamani ambayo R-12 haikuweza kupenya.

Kuhamisha gari kutoka gesi ya zamani kwenda mpya ni kazi inayoeleweka. Unaondoa oili ya zamani, unabadilisha oringi zote, unaweka chupa mpya ya kukausha unyevu ambayo mafundi huiita draya, unatia oili inayokubaliana na gesi mpya, kisha unajaza kiasi cha asilimia 80 hadi 90 tu ya uzito wa gesi ya zamani. Kilichofanyika kwa magari mengi ni hatua ya mwisho peke yake, tena bila kupima uzito. Gesi mpya ikamiminwa juu ya oili ya zamani, kompresa ikakosa ulainishaji, na mmiliki akaambiwa kwamba Land Cruiser za zamani hazina kiyoyozi cha maana.

Kigali na mitungi ya bandia

R-134a haitoboi ozoni, lakini ina dhambi yake. Kilo moja ikiachiwa angani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 15, 2016, mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa nchi inayopakana na Karagwe na Kyerwa, yakakubaliana kuipunguza gesi hii na ndugu zake. Ratiba ya kundi kubwa la nchi zinazoendelea ilitaka kiwango kisimamishwe mwaka 2024, kipungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, na kufikia asilimia 80 mwaka 2045.

Ulaya imeshakwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 2017 magari mapya yote madogo yanayouzwa huko hayaruhusiwi kutumia R-134a, na yamehamia gesi nyingine iitwayo R-1234yf. Kwa lugha nyepesi, gesi inayotumika kwenye mkonga imeingia kwenye njia ile ile iliyopitwa na R-12 miaka 30 iliyopita.

Bidhaa ikianza kubanwa huku mahitaji yakiendelea, bandia hufuata. Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamehudumiwa nchini Vietnam yalilipuka na watu wakapoteza maisha. Uchunguzi ulionesha kwamba gesi iliyouzwa kama R-134a ilikuwa imechanganywa na kemikali ya R-40. Kemikali hiyo hula alumini, na zao lake huwaka lenyewe likikutana na hewa. Kompresa na kondensa za magari yetu zina alumini tele.

Mpaka kama wa Murongo, ambao kwa miaka umejulikana zaidi kwa kahawa ya magendo, hauwezi kudhaniwa kuwa mgumu kwa mtungi wa kilo 13. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni. Lakini kanuni haimwambii fundi aliye chini ya mwembe kuna nini ndani ya mtungi alioletewa na pikipiki. Anachokiona ni rangi ya mtungi na maandishi ya ubavuni.

Kwa sababu hiyo, tabia ya kuongeza gesi kila miezi mitatu haiwezi tena kuhesabiwa kama matengenezo. Kila unapoongeza, unalipa bei ya bidhaa inayokwenda kuadimika, unaachia angani ile ya zamani, na unacheza bahati nasibu juu ya kilichomo mtungini.

Hasira ya kondensa

Kwa bahati nzuri, mara nyingi gesi siyo mgonjwa. Mfumo wa kiyoyozi una kazi moja tu, nayo ni kuchukua joto lililomo ndani ya gari na kwenda kulitupa nje. Kompresa huisukuma gesi ikiwa ya moto hadi kwenye kondensa, ule wavu wenye mapezi ulio mbele ya rejeta. Hapo hewa inayopita hulichukua joto, gesi hugeuka kimiminika, kisha hupenyezwa kwenye valvu nyembamba na kupoa ghafla ndani ya koili iliyo nyuma ya dashibodi. Kondensa ikishindwa kutupa joto, hakuna kiasi cha gesi kitakachosaidia. Kuongeza gesi hapo ni sawa na kuongeza kuni kwenye jiko lililozibwa bomba la moshi.

Na kondensa ya gari la Karagwe huzibwa kweli kweli. Vumbi la kiangazi hunata kwenye mapezi, mvua za Oktoba zinalilowanisha, kiangazi kinachofuata kinalikausha likawa tofali jembamba. Wanaoosha magari hupiga maji mbele na kuridhika wanapoona kondensa inang'aa. Tatizo liko nyuma yake, kwenye nafasi finyu kati ya kondensa na rejeta, ambako majani, mabawa ya kumbikumbi na udongo hujipanga bila kuonekana.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji hata spana. Injini ikiwa inanguruma na kiyoyozi kimewashwa, mwaga maji ya ndoo taratibu kwenye kondensa. Kama hewa ya ndani inapoa mara moja, gesi yako haina hatia na unachokosa ni upepo. Pale Murongo kipimo hicho kilifanywa kwenye gari lililotuleta, mbele ya fundi ambaye tayari alikuwa ameshika mtungi. Hewa ilipoa kabla ndoo haijaisha, na mtungi ukawekwa chini.

Kilichofuata ni saa mbili za kazi isiyo na utaalamu wa ajabu. Kondensa ilifunguliwa boliti zake za juu na kuegemezwa mbele, mipira yake ikiwa bado imeunganishwa, na maji ya nguvu ndogo yakapitishwa kutoka upande wa injini kuja nje. Nguvu kubwa haifai, kwa maana mashine za kuoshea hulaza mapezi na kuziba njia ya hewa moja kwa moja. Udongo uliotoka ungetosha kupandia mche wa mbuni.

Kabla ya kurudisha, fundi alikumbushwa kuziba mapengo ya pembeni kati ya kondensa na rejeta kwa vipande vya sponji. Magari mapya hutoka kiwandani yakiwa na sponji hizo. Zikishaoza, hewa ya moto ya injini huzunguka ikarudi mbele, na kondensa hujikuta inapozwa kwa hewa iliyokwisha kupikwa. Taa za ziada na mabomba ya chuma yanayofungwa mbele kwa mbwembwe nayo hupunguza hewa, ingawa kumshawishi kijana wa mjini ayatoe ni kazi nyingine.

Baada ya hapo huja feni. Injini nyingi za dizeli za Land Cruiser, ikiwemo 1HZ inayopendwa sana nchini, huzungusha feni kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Mafuta hayo yakichoka baada ya miaka 20, feni huzunguka kivivu. Kwenye lami hutaona, kwa sababu mwendo wenyewe unaleta upepo. Utaona kwenye changarawe, gari likipanda kilima kwa gia ya pili. Dalili ni kwamba kiyoyozi kinapoa gari likikimbia na kupotea likienda taratibu. Dawa ni kubadilisha mafuta ya klachi au klachi nzima, na kwa anayeweza, kuongeza feni ya umeme mbele ya kondensa.

Joto linaloingia kwa mlango wa nyuma

Kosa la pili kwa umaarufu halihusiani na kiyoyozi kabisa. Magari haya yana valvu ya hita inayoruhusu maji ya moto ya injini kuingia kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi. Valvu hiyo huendeshwa kwa waya. Waya ukilegea au valvu ikila kutu, maji ya moto huendelea kupita hata ukiwa umesogeza kidhibiti hadi mwisho wa baridi. Gari linapooza na kupasha kwa wakati mmoja. Mmiliki hulalamikia gesi.

Kipimo chake ni mkono. Injini ikishapata moto, shika mpira wa hita baada ya valvu, kwa uangalifu. Ukiwa wa moto wakati kidhibiti kiko kwenye baridi, umempata mwizi. Fundi mwenye busara atarekebisha waya au kubadilisha valvu. Kwa gari la Murongo, ambapo hita yenyewe huhitajika alfajiri chache tu, hata bomba dogo la kufungia maji kwa mkono linatosha.

Koili ya ndani nayo ina masaibu yake. Magari mengi ya kizazi hicho hayakuundwa na chujio la hewa ya ndani, kwa hiyo kila kinachoingia hugota kwenye koili yenye unyevu. Baada ya miaka, koili hufunikwa kitu kama sufi. Feni hupiga kelele kubwa na upepo hutoka kidogo. Kuisafisha kunahitaji kufungua sehemu ya dashibodi, na ni bora kufanywa mara moja vizuri kuliko kupulizia manukato kila mwezi.

Hapa pana utata ambao madereva wa barabara za vumbi hubishana juu yake. Kidhibiti kikiwekwa kuzungusha hewa ya ndani, gari hupoa haraka, lakini ndani hakuna msukumo wa hewa unaozuia vumbi la mlango wa nyuma. Kikiwekwa kuvuta hewa ya nje, msukumo unakuwepo na nyufa zinapuliza nje badala ya kuvuta ndani, ila koili inakula vumbi. Maoni ya mwandishi huyu, baada ya kujaribu yote mawili kati ya Isingiro na Murongo, ni kwamba barabara ikiwa tupu uvute hewa ya nje, na unapokuta lori mbele yako ufunge hadi ulipite. Hata hivyo, mpira mpya wa mlango wa nyuma unafanya kazi kubwa kuliko mbinu zote hizo, na kwa gari la wagonjwa usingepaswa kuwa jambo la mjadala.

Pale gesi inapohusika kweli

Isieleweke kwamba gesi haivuji. Inavuja, hasa kwenye oringi, kwenye mhuri wa shafti ya kompresa na kwenye kona za kondensa zilizopigwa mawe. Mhuri wa kompresa hukauka kiyoyozi kikikaa miezi bila kuwashwa, ndiyo maana hata wakati wa baridi inashauriwa kukiwasha dakika kumi kila wiki ili oili izunguke.

Lakini gesi iliyopungua imekwenda mahali, na kazi ya kwanza ni kupatafuta mahali hapo, kwa maji ya sabuni kama hakuna kifaa kingine. Kisha draya ibadilishwe kama mfumo ulifunguliwa, hewa na unyevu vifyonzwe kwa pampu kwa angalau nusu saa, na gesi ijazwe kwa mizani. Magari mengi ya aina hii hupokea chini ya kilo moja, na kiasi chenyewe huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Gramu 200 za ziada hupunguza ubaridi badala ya kuongeza.

Hapo kwenye kufyonza hewa kuna jambo ambalo fundi aliyefunzwa pwani hujikuta nalo akifika Karagwe. Usawa wa bahari, geji ya pampu nzuri hushuka hadi karibu milimita 760 za zebaki chini ya hewa ya nje. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa yenyewe ina mgandamizo wa kama milimita 635 tu, na geji haiwezi kushuka zaidi ya hapo hata pampu ikiwa mpya. Fundi asiyejua hilo ataona sindano imegoma, atahukumu kwamba mfumo unavuja, na atabadilisha vipuri visivyo na kosa. Au atakata tamaa na kujaza gesi juu ya unyevu, ambao baadaye huganda kwenye valvu na kutengeneza tindikali inayokula kompresa.

Usomaji wa geji nao uendane na mahali. Vitabu vya Toyota kwa R-134a hutaja mgandamizo wa kama pauni 200 hadi 230 upande wa juu na 21 hadi 36 upande wa chini, lakini kwa hewa ya nyuzi 30 hadi 35. Asubuhi ya Karagwe haina nyuzi hizo. Upande wa juu ukisoma zaidi ya hapo wakati wewe mwenyewe umevaa sweta, basi ama gesi imezidi, ama hewa imeingia kwenye mfumo, ama kondensa imeziba. Kuongeza gesi hakutibu hata moja ya hayo matatu.

Nani anunue mizani?

Swali linalobaki ni la fedha na mpangilio. Mizani ya gesi, pampu ya kufyonza hewa na kifaa cha kuitambua gesi iliyomo kwenye mtungi si vitu vya kutarajiwa kwa fundi mmoja anayehudumia magari manne kwa wiki. Vipuri vingi anavyovipata hutoka Kampala au Kariakoo, na akikosea kipimo cha oringi hupoteza siku mbili za msafiri.

Lakini wilaya hizi mbili zina wamiliki wakubwa. Kuna halmashauri, kuna hospitali za mashirika ya dini, kuna chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha KDCU, na tangu mwaka 2019 kuna hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, ambazo hazitaki mtalii wa kwanza arudi nyumbani akisimulia vumbi. Wamiliki hao kwa pamoja wana magari ya kutosha kuifanya gereji moja yenye vifaa kamili, Kayanga au Nkwenda, ijiendeshe yenyewe. Vijana wanaofunzwa majokofu na viyoyozi katika vyuo vya ufundi wapo. Wanachokosa ni mahali pa kufanyia kazi wakiwa na mizani mkononi.

Wako watakaosema jibu ni kununua magari mapya. Mwandishi huyu haamini. Mkonga ya mwaka 1996 itaendelea kupanda vilima vya Kyerwa wakati magari mengi ya leo yameshakuwa vyuma chakavu, kwa sababu kila fundi anaijua na kila kipuri kinapatikana. Wengine watasema kiyoyozi kinakula dizeli. Ni kweli kinakula, ila anayesema hivyo kwa kawaida hakai nyuma.

Jioni, kabla ya kuanza safari ya kurudi, fundi wa Murongo aliinua tena boneti kutafuta kile kibandiko ili ajue gari lilitoka kiwandani na gesi gani, na kwa uzito upi. Alifuta vumbi kwa kiganja pale kinapokuwa siku zote. Kibandiko kilikuwepo, umbo lake likionekana vizuri chini ya rangi nyeupe iliyopuliziwa gari zima siku chache kabla ya mnada.